Mwanga Kinamasini: Wanajeshi Wachunguza "Visahani" vya Angani

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Je, mpenzi msomaji, ikisemwa kwamba chombo cha ajabu kimeonekana shambani mwa mtu, nani huenda kuthibitisha? Huko Marekani, kwa zaidi ya miaka 20, kazi hiyo ilikuwa ya wanajeshi.

Kitengo kilichojulikana zaidi kiliitwa Blue Book. Kilianzishwa na Jeshi la Wanahewa mwaka 1952, na ofisi yake ilikuwa katika kambi ya Wright-Patterson, jimbo la Ohio. Siku hizo Marekani na Muungano wa Kisovieti walikuwa wakiviziana kama paka na panya. Jeshi lilitaka kujua kama ni adui aliyeingia angani, si kutafuta wageni wa sayari nyingine tu.

Walichunguza vipi? Shahidi alihojiwa na kujaza fomu: uliona saa ngapi, upande gani, umbo gani, kulikuwa na sauti? Kisha majibu yalilinganishwa na safari za ndege, puto za hali ya hewa na nyota za usiku ule. Mara nyingi "chombo" kiligeuka kuwa sayari ya Zuhura, kimondo, au ndege ya kawaida tu.

Lakini kisa cha Michigan kiliwatoa jasho. Usiku wa tarehe 20 Machi 1966, mkulima mmoja na mwanawe, karibu na Dexter, waliona kitu chenye mwanga juu ya kinamasi. Usiku uliofuata, wanafunzi wa kike zaidi ya 80 wa chuo cha Hillsdale, wakiwa bwenini mwao, waliona mianga juu ya kinamasi kingine. Hebu fikiria, bweni zima liko madirishani!

Jeshi likamtuma mshauri wake, mwanafalaki J. Allen Hynek. Baada ya siku chache aliwaambia waandishi wa habari kwamba huenda mianga hiyo ilikuwa gesi ya kinamasi. Mimea ikioza chini ya maji pasipo hewa, hutoa gesi ya methani. Gesi za namna hiyo zikipanda juu na kuwaka, huonekana kama mwali hafifu unaochezacheza. Hynek alisema wazi kwamba hawezi kuthibitisha kuwa hayo ndiyo maelezo kamili. Wapi! Magazeti yalishika maneno mawili tu, "gesi" na "kinamasi", nchi nzima ikaangua kicheko. Mashahidi nao walikasirika: yaani sisi hatujui kinamasi chetu?

Mbunge wa Michigan, Gerald Ford, ambaye baadaye alikuwa Rais, alidai Bunge lichunguze jambo hilo. Kikao kilifanyika Aprili 1966. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Colorado kilipewa kazi ya uchunguzi huru chini ya mwanafizikia Edward Condon. Ripoti yake ilisema kuendelea kuchunguza hakungeleta faida kubwa kwa sayansi, na Desemba 1969 Blue Book ikafungwa.

Hesabu yake ilikuwa hivi: ripoti 12,618 tangu mwaka 1947, na 701 kati yake hazikupata maelezo. Jeshi lilisema hakuna iliyohatarisha usalama wa nchi, wala hapakuwa na ushahidi wa vyombo vya sayari nyingine. Basi tusiruke tukasema 701 hizo ni za majini wa angani! Kutojua kitu ni nini si sawa na kujua kimetoka wapi.

Hata hivyo, Hynek mwenyewe aliendelea kulitafiti suala hili, na mwaka 1973 akaanzisha kituo chake. Sisi wanafunzi tuna la kujifunza hapa. Mtu wa shambani akisema ameona jambo, asikilizwe kwanza, apimwe kwa ushahidi, na akijibiwa asichekwe. Aliyeona ameona, kazi ya sayansi ni kumsaidia kujua ameona nini.