Sahani ya Saa Nane Usiku

Geita na Kahama dhahabu huchimbwa usiku kucha. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, uliofuata mwaka 2001, hufanya kazi saa 24. Huko Nyarugusu na Rwamagasa wachimbaji wadogo nao hushuka kwenye maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, usiku, na mtu hula anapopata nafasi. Mara nyingi nafasi hiyo ni saa nane usiku, kwa mama lishe aliyekesha na moto wake: ugali wa muhogo, dagaa, maharage, na chai ya sukari nyingi ya kufukuza usingizi.

Sahani hiyohiyo ingeliwa saa saba mchana, mwili ungeimudu vizuri zaidi. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kijifundo cha seli kinachopima usiku na mchana kwa kufuata mwanga. Ini na kongosho navyo vina saa zake, na saa ya ini hufuata sana muda wa kula. Kwa mkulima wa pamba wa Kishapu, anayeamka na jua, saa hizi huenda pamoja. Kwa mtu wa zamu ya usiku zinaachana: ubongo unajua ni usiku, ini limepelekewa chakula cha mchana.

Kwenye kongosho ndiko mambo yanakoharibika. Giza likiingia, ubongo hutoa melatonini, homoni ya usiku. Seli zinazotengeneza insulini zina vipokezi vya homoni hiyo, nayo ikipanda, insulini hupungua. Ugali ni wanga, na wanga hugeuka glukosi. Insulini ikiwa haba, glukosi hukawia kwenye damu badala ya kuingia kwenye misuli. Usiku mmoja hauna neno. Lakini miaka ikipita, tafiti nyingi zimeona wafanyakazi wa zamu wakipata kisukari cha aina ya pili zaidi kuliko wenzao wa mchana.

Mwaka 2021 Sarah Chellappa, Frank Scheer na wenzao walichapisha jaribio linalotia moyo, lililofanyika Boston, Marekani. Vijana 19 wenye afya waliishi maabara kama watu wa zamu ya usiku. Kundi moja lilikula usiku na mchana; la pili lilikesha vilevile, ila milo yake yote ilikuwa ya mchana. Kwa wale wa kwanza, wastani wa glukosi ulipanda kwa asilimia 6.4. Kwa wa pili haukupanda. Ni watu wachache, kwa siku chache, wala hawakubeba mawe. Hata hivyo jambo lenyewe linajaribika hapa kwetu bila gharama: mlo mkubwa uliwe jioni kabla ya kuingia zamu na mwingine mchana baada ya kuamka, na usiku iwe maji, karanga kidogo, chai isiyo na sukari. Kantini za migodi mikubwa zinaweza kuanza kesho.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asijipangie mwenyewe. Akiruka mlo sukari inaweza kushuka ghafla, na kizunguzungu ndani ya duara kinaua. Aende kliniki, na amtajie daktari zamu zake hata kama hajaulizwa.