Vile Elon Musk Alifika Hadi Kliniki za Kenya Bila Kupigiwa Kura
Elon Musk hajawahi kuwa kwa debe. Lakini cheki: 2022 alinunua Twitter kwa dola bilioni 44, akaiita X (wengine wetu bado tunaiita Twitter). 2024 akamwaga zaidi ya dola milioni 250 kusaidia Donald Trump na chama chake. Trump kuapishwa Januari 2025, Musk akapewa DOGE, kazi ni kufyeka matumizi ya serikali. USAID ikawa kati ya za kwanza kuguswa.

Hapo ndio story inafika kwetu, manze. Doo za USAID ndizo zilikuwa zinalipa wahudumu wengi wa kliniki za HIV huku Kenya. Wasee wakaambiwa wakae kejani, wagonjwa wakabaki wakiuliza ARV watatoa wapi.

Musk alitoka serikalini mwisho wa Mei. Siku chache tu, yeye na Trump wakaanza kurushiana maneno. USAID haikurudi.