Mtambo mkongwe unaokata na kuunga RNA

Mwaka 1977, katika maabara ya Phillip Sharp huko MIT, Susan Berget na wenzake waliilaza RNA ya kirusi cha adeno juu ya DNA iliyoizaa. Havikulingana. Vipande vya DNA vilibaki vimejikunja nje, bila mwenzi. Seli, kumbe, hunakili jeni nzima kuwa RNA, kisha hukata sehemu ziitwazo introni na kuunga zilizobaki, yaani eksoni. Sharp na Richard Roberts walitunukiwa Nobel mwaka 1993.

Berget baadaye alifanya kazi Houston, Baylor College of Medicine, na hapo alikabili swali ambalo kwangu ni gumu zaidi: mtambo unaokata na kuunga RNA hujuaje pa kukata? Eksoni nyingi za binadamu zina herufi za kinasaba kama 150 tu, ilhali introni zinaweza kufika maelfu mengi. Mwaka 1990 yeye na wenzake walipendekeza kwamba mtambo huitambua eksoni kwa kushika ncha zake zote mbili. Ndiyo sababu herufi moja ikiharibika kwenye ncha, mara nyingi eksoni nzima hurukwa, na protini hutoka na kasoro. Baadhi ya aina za thalasemia huanzia kwenye hitilafu ya uungaji kama hii.

Mtambo wenyewe, spliseosomu, una RNA ndogo tano (U1, U2, U4, U5 na U6) na protini zaidi ya 100. Lakini kinachokata ni RNA. Asili yake inaelekea kuwa introni za kundi la pili, zinazoishi ndani ya bakteria na mitokondria za hamira. Baadhi hujikata zenyewe. Mwaka 1995 Philip Perlman wa UT Southwestern, Dallas, pamoja na Alan Lambowitz, walionyesha jinsi introni hizo zinavyojipandikiza kwenye DNA: protini yao hunakili RNA kuwa DNA. Mwaka 2013 umbo la Prp8, protini iliyo katikati ya spliseosomu, lilionyesha sehemu inayofanana na protini hiyo. Introni ya kale iliyojipandikiza imekuwa mhimili wa seli zetu!

Maarifa haya ya uungaji yameingia pia kwenye majaribio ya tiba. Huko Dallas hiyohiyo, mwaka 2018, timu ya Eric Olson ilitumia CRISPR, zana ya kuhariri jeni, kukata DNA kwenye eneo la eksoni ya 51 ya jeni ya distrofini, yenye eksoni 79, katika mbwa wanne wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne, unaotokana na kukosa protini ya distrofini. Kwa aliyepata dozi kubwa zaidi, distrofini ya moyo ilifikia asilimia 92 ya kawaida.