Mwajiri Akikuongezea Ujira Ili Usiondoke

Serikali ya Kongo ilipotangaza, tarehe 1 Agosti 2018, kwamba maradhi ya Ebola yamezuka Mangina, mji mdogo ulio takriban kilomita 30 kutoka Beni, haukupita muda ila mashirika ya kigeni yakawa yamekwisha kufika na kuajiri wenyeji kwa malipo yaliyoyapita mbali yale ya vituo vya afya vya kawaida. Muuguzi wa huko aliweza basi kufikwa na jambo ambalo humfika kila mwenye ujuzi unaotafutwa: anapeleka barua ya kuacha kazi, na mwajiri aliyemnyamazia miaka yote humwita faraghani akamwahidi nyongeza.

Kabla ya kuihesabu nyongeza hiyo, yampasa mtu aikumbuke sababu iliyomshikisha kalamu. Ikiwa ni uchache wa ujira tu, dawa imepatikana. Bali ikiwa ni dharau ya mkubwa wake, au kukosa kupandishwa cheo, fedha haitaondoa hata moja katika hayo. Na ikiwa alichoka kungoja mishahara isiyolipwa kwa wakati, nyongeza juu ya mshahara usiofika ni hesabu ya karatasini.

Kisha atazame muda. Kazi ya dharura hufuata dharura yenyewe: mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na mradi ukifungwa mkataba wake hauna pa kusimama. Kwa sababu hiyo malipo makubwa ya miezi kadhaa hayana budi kupimwa pamoja na madogo ya miaka mingi, hasa kwa mwenye watoto shuleni.

Hatimaye, aitake ahadi kwa maandishi, nayo itaje kiasi cha fedha na tarehe ya kuanza. Nafasi ya kuidai anayo, kwani Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 yamtaka mwajiri anayevunja mkataba usio na kikomo atoe taarifa ya siku za kazi 14, na 7 zaidi kwa kila mwaka mzima wa utumishi, na mfanyakazi nusu yake. Aliyetumikia miaka 4, basi, ana siku 21.

Mwajiri akikataa kuandika katika muda huo, nenda zako kwa heshima. Akiandika, na ujira ndio uliokuwa kisa pekee, baki.