Springi, Shokapu na Starehe ya Safari: Kwa Nini Gari la Kispoti Linarusha?

Watahiniwa wengi hukariri Kanuni ya Hooke kama F = ke na kuishia hapo. Wakiulizwa swali la matumizi, kwa mfano "eleza kazi ya springi na shokapu kwenye gari", huandika kwamba zote mbili "zinapunguza mtikisiko". Jibu hilo halitoshi, kwa sababu vifaa hivi viwili hufanya kazi tofauti. Katika somo hili tutatumia gari moja kuvitenganisha. Chumba cha mtihani utaandika kwa Kiingereza, lakini jambo ulilolielewa vizuri kwa Kiswahili halitakupotea.

1. Gari la mfano

Hachibaki ni gari dogo ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo, kama Toyota Vitz au Mazda Demio. Hachibaki ya kispoti ni gari la umbo hilohilo lililotengenezwa liende kasi na likate kona vizuri. Mfano maarufu ni Golf GTI, ambayo kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1976. Golf ya kawaida ni gari la familia. GTI ina injini yenye nguvu zaidi, springi ngumu zaidi, na bodi lililokaa chini zaidi. Katika kizazi cha nane cha gari hilo, bodi la GTI limeshushwa milimita 15 kuliko la Golf ya kawaida.

Anayehama kutoka Golf ya kawaida kwenda GTI husikia tofauti kwenye tuta la kwanza: gari linarusha. Je, mtengenezaji alikosea? Hapana. Alitoa sehemu ya starehe ili apate kitu kingine. Tuone ni kitu gani.

2. Springi: hubeba uzito na kutunza nishati

Kanuni ya Hooke inasema kuwa, ndani ya kikomo cha unyumbufu, kiasi cha kufinywa au kuvutwa kwa springi huenda sambamba na kani inayotumika. Katika F = ke, herufi k ni kipimo cha ugumu wa springi. k ikiwa kubwa, springi ni ngumu.

Mfano wa kukokotoa. Gari lina tungamo la kg 1,200, na uzito wake umegawanyika sawa kwenye magurudumu manne. Chukua g = 10 N/kg. Kila springi inabeba kg 300, yaani N 3,000.

Springi A (laini), k = 20,000 N/m:
e = 3,000 ÷ 20,000 = m 0.15

Springi B (ngumu), k = 30,000 N/m:
e = 3,000 ÷ 30,000 = m 0.10

Sasa gurudumu linapanda ghafla kijituta cha sentimita 5, kabla bodi halijapata muda wa kusogea. Springi inafinywa m 0.05 zaidi, hivyo inasukuma bodi juu kwa kani ya ziada:

Springi A: 20,000 × 0.05 = N 1,000
Springi B: 30,000 × 0.05 = N 1,500

Kwa kanuni ya pili ya Newton, a = F/m. Kilo 300 za bodi zitapata mchapuko wa karibu 3.3 m/s² kwa springi A, na 5 m/s² kwa springi B. Tuta ni lilelile na abiria ni yuleyule, lakini mrusho wa B ni mkubwa mara moja na nusu. Hii ndiyo maana ya "gari gumu" kwa lugha ya Fizikia.

3. Shokapu: huondoa nishati

Springi iliyofinywa haipotezi nishati. Huitunza na kuirudisha. Gari lenye springi peke yake, likipita tuta moja, lingeendelea kupanda na kushuka kwa muda mrefu. Hapo ndipo shokapu inapohitajika.

Ndani ya shokapu kuna pistoni inayotembea kwenye mafuta. Pistoni ikisogea, mafuta hulazimika kupita kwenye matundu madogo, na upinzani huo hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Ndiyo maana shokapu ya gari lililotoka kwenye barabara mbovu huwa ya moto ukiigusa.

Shika tofauti hii: kani ya springi hutegemea imefinywa kiasi gani, na kani ya shokapu hutegemea inasogea kwa kasi gani. Gari likiwa limesimama, shokapu ya kawaida ya mafuta haisaidii kwa kiasi cha maana kubeba uzito. Uzito wote uko kwenye springi.

Mafundi hupima shokapu kwa njia rahisi. Bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu, kisha uachie. Bodi likipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kudunda mara kadhaa, shokapu imekwisha. Baadhi ya Golf GTI zina shokapu zinazorekebishwa kwa umeme: dereva akibonyeza kitufe, upinzani wa mafuta huongezeka au hupungua. Springi zenyewe hazibadiliki.

4. Ugumu unanunua nini?

Gari likikata kona huhitaji kani ya kuelekea kitovu, F = mv²/r. Gari letu la kg 1,200 likipita kona yenye nusu kipenyo cha m 80 kwa 20 m/s (sawa na km 72 kwa saa):

F = 1,200 × 20² ÷ 80 = N 6,000

Kani hii ni msuguano wa barabara na matairi, kwa hiyo inatendea chini kabisa. Kitovu cha uzito wa gari kiko juu zaidi. Kwa sababu hiyo bodi hulala upande wa nje wa kona, na springi za upande huo hufinywa. Springi zikiwa laini, bodi hulala sana, na gari huchelewa kuufuata usukani. Springi ngumu, zikisaidiwa na chuma kinachounganisha magurudumu ya kushoto na kulia ambacho mafundi hukiita stabilaiza, hupunguza kulala huko. Hiki ndicho anachokinunua mwenye GTI.

Jihadhari na kosa moja hapa. Springi ngumu haziondoi kuhama kwa uzito kwenda magurudumu ya nje. Hupunguza kulala kwa bodi tu. Kinachopunguza kuhama kwa uzito ni kushusha kitovu cha uzito au kupanua umbali kati ya magurudumu ya kushoto na kulia.

5. Ugumu ukizidi

Msuguano hutegemea kani inayoligandamiza tairi barabarani. Kwenye lami laini, springi ngumu hazina shida. Kwenye barabara yenye makorongo, gurudumu la gari gumu mno hurukaruka. Linapokuwa hewani, kani ya kugandamiza ni sifuri, na msuguano ni sifuri. Hapo breki wala usukani havina kazi kwa gurudumu hilo. Kwa hiyo si kweli kwamba gari gumu daima ni salama zaidi, wala kwamba gari laini daima ni bora. Barabara ndiyo inayoamua.

Tairi nalo ni springi. Tairi lililoandikwa 205/55 R16 lina upana wa mm 205, na ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, yaani karibu mm 113. Tairi la 225/40 R18, ambalo huonekana kwenye magari kama GTI, lina ubavu wa mm 90 tu. Ubavu mfupi hunyumbuka kidogo, hivyo kila shimo hufika kwenye kiti, na rimu huumia haraka.

6. Hatari ya kukata springi

Vijana wengine humwambia fundi akate springi ili gari likae chini na kuonekana la kispoti. Springi ikifupishwa, k huongezeka. Springi ya mizunguko 8 yenye k = 20,000 N/m ikibakizwa mizunguko 6:

k mpya = 20,000 × 8/6 = karibu 26,700 N/m

Springi imekuwa ngumu zaidi, nafasi yake ya kufinywa imepungua, na shokapu ni ileile iliyopimwa kwa springi ya zamani. Gari linagonga chini kwenye matuta na kudunda kwenye mashimo. Zaidi ya hayo, springi fupi inaweza kuchomoka mahali pake gurudumu likining'inia. Mtengenezaji wa gari la kispoti hubadilisha springi, shokapu na stabilaiza kwa pamoja, zikiwa zimepimwa ziendane.

Zingatia

- Springi hubeba uzito na kutunza nishati. Shokapu hugeuza nishati kuwa joto.
- k kubwa: mrusho mkubwa kwenye tuta, kulala kidogo kwenye kona.
- Tairi likiachana na barabara, hakuna msuguano.

Jipime

1. Springi yenye k = 25,000 N/m imebeba N 4,000. Tafuta kiasi ilichofinywa.
2. Gari la kg 1,000 linapita kona yenye nusu kipenyo cha m 50 kwa 15 m/s. Tafuta kani ya kuelekea kitovu.
3. Eleza kwa nini gari lenye springi nzima na shokapu mbovu huchelewa kusimama kwenye barabara yenye mashimo.

Majibu

1. m 0.16.
2. N 4,500.
3. Shokapu haiondoi nishati iliyotunzwa na springi, hivyo magurudumu huendelea kudunda. Kila yanapodunda, kani ya kugandamiza barabara hupungua au huisha, msuguano hupungua, na umbali wa kusimama huongezeka.