Nina nafasi ya kuingia udaktari?

Ikifika Septemba, kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijana wetu wa London, Leicester na Milton Keynes linazunguka swali moja: "Alama zangu ndizo hizi, nina nafasi?" Majibu hayachelewi. Mmoja anakwambia umeshaingia, mwingine anakwambia sahau. Wote wawili hawajawahi kuchambua fomu ya mtu.

Leo tuzungumzie udaktari hapa Uingereza, maana ndiyo kozi ambayo shangazi ameshaitangaza arusini wewe hujamaliza hata GCSE.

Zile habari kwamba nafasi moja inagombewa na watu kadhaa zisikutishe sana. Hiyo ni hesabu ya rundo zima, na ndani ya rundo wamo wengi waliopeleka fomu chuo ambacho kisingewaita hata kidogo. Hesabu yako ni nyingine, na unaweza kuifanya kabla ya kutuma chochote. Mtihani wa UCAT unafanywa mara moja tu kwa mwaka wa maombi, kati ya Julai na Septemba, na alama unazipata muda mfupi baadaye. Fomu ya UCAS ya udaktari inafungwa tarehe 15 Oktoba saa 12 jioni (saa za bibi, simu yako itaandika 18:00). Yaani unachagua vyuo ukiwa na alama mkononi. Kozi nyingi hazikupi bahati hiyo.

Tahadhari: usijipime kwa alama za binamu yako. Tangu 2025 sehemu moja ya mtihani imeondolewa, na jumla imeshuka kutoka 3600 hadi 2700. Aliyepata 2500 zamani na atakayepata 2500 sasa ni watu wawili tofauti kabisa! UCAT wenyewe hutoa takwimu zinazogawa watahiniwa mafungu 10. Tafuta fungu lako humo.

Halafu angalia chuo kinapima nini. Bristol, kwa miaka kadhaa, ukishatimiza vigezo vya masomo, wamekuwa wakitumia UCAT kuamua nani aitwe kwenye usaili. Oxford wanachanganya UCAT na GCSE, tena GCSE zako wanazilinganisha na matokeo ya shule uliyosoma: alama 8 kutoka shule ambayo wengi wanafeli ina uzito wake. Kwa hiyo mwanafunzi yule yule ana nafasi nzuri hapa na finyu kule. Vyuo vingi huweka wazi alama ya chini iliyoitwa mwaka uliopita. Ukiikosa, waandikie. Sheria ya mwaka 2000 ya uhuru wa taarifa inakupa haki ya kuuliza, na wanatakiwa kujibu.

Una machaguo matano, ila manne tu ndiyo ya udaktari. Kwa maoni yangu, moja liwe la ndoto na matatu yawe ya hesabu. Na kama umesoma shule ya serikali au nyumbani kipato ni kidogo, soma kurasa za kozi zenye mwaka wa ziada mwanzoni, kama ile ya King's College London. Zinapokea alama za chini kidogo, na unatoka na shahada ile ile ya udaktari. Usione aibu, zimewekwa kwa ajili yako.

Sasa lile ambalo magrupu hayaulizi: makaratasi. Kwa mwaka 2025/26 mwanafunzi wa nyumbani England analipa pauni 9,535. Wa kigeni, kwenye vyuo vingi, analipa zaidi ya 40,000, na viti vyake ni vichache mno. Kama una kibali cha muda tu, kwa kawaida uwe umeishi hapa miaka 7 ikiwa hujafika 18. Ukifika 18, iwe nusu ya umri wako au miaka 20. Juu ya hayo, miaka 3 ya mwisho uwe umeishi kihalali. Kwa hiyo muulize baba kibali cha familia kinasemaje, muulize mapema, hata kama hapendi kuongelea mambo hayo mezani. Mwaka wa 12 ndio wakati wake, kwa sababu wakili wa uhamiaji anahitaji miezi.

Chaguo la tano jaza kozi ambayo ungeisoma kweli, famasia au sayansi ya tiba, kisha mweleze mama kabla hajaiona kwenye skrini.