Dereva wa Teksi ya Mtandaoni: Mwajiriwa au Mtu wa Kazi Yake?

Mke wa dereva wa teksi ya mtandaoni akiulizwa mumewe ameajiriwa na nani, aghalabu hutaja jina la kampuni yenye programu iliyomo simuni mwa mumewe. Kampuni hiyo nayo ikiulizwa swali lilo hilo, hujibu kwamba haikumwajiri mtu, na kwamba yule ni mfanyabiashara huru anayeitumia programu kupata abiria. Baina ya majibu mawili haya pana mambo mazito ya nyumbani: likizo yenye malipo, fidia ya ajali, akiba ya uzeeni, na haki ya mtu kusikizwa kabla ya kuondolewa kazini. Ndiyo maana suala hili yapasa lijulikane na mama wa nyumba kama linavyojulikana na wakili.

Kesi iliyolifafanua vyema ni ya Uingereza. Mwaka 2016, Yaseen Aslam na James Farrar, madereva waliowahi kufanya kazi na Uber jijini London, walilishinda shauri mbele ya baraza la kazi. Kampuni ilijitetea kuwa yenyewe ni wakala tu, kwamba mkataba wa safari ni baina ya dereva na abiria, na kwamba maandishi yasema hivyo. Ikakata rufaa ngazi baada ya ngazi, hadi tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ilipowapa madereva haki kwa kauli moja.

Majaji hawakusimama kwenye jina lililoandikwa katika mkataba. Walitazama nani hasa aliyeshika hatamu. Wakaona kwamba nauli hupangwa na kampuni. Masharti huwekwa na kampuni. Dereva akikataa safari nyingi huadhibiwa. Alama wanazotoa abiria hutumika kumpima na hata kumwondoa. Na mawasiliano yake na abiria yamewekewa mipaka ili wasijuane zaidi ya safari ile. Mtu wa namna hii hana njia ya kukuza biashara yake ila kuongeza saa za kazi.

Sheria ya Uingereza ina daraja tatu: mwajiriwa kamili, mfanyakazi wa daraja la kati, na mtu wa kujitegemea. Madereva waliwekwa daraja la kati, wakastahiki kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, ingawa si haki zote za mwajiriwa. Mwezi uliofuata, kampuni ilitangaza kuwapa daraja hilo madereva wake wa Uingereza, waliokuwa zaidi ya 70,000.

Kwengineko mambo yalikwenda kinyume. Jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria iliyoanza kazi Januari 2020, iliyofanya iwe vigumu kumwita dereva mtu wa kujitegemea. Kampuni za programu zikatumia zaidi ya dola milioni 200 katika kampeni ya kura ya maoni, na Novemba mwaka huo wapiga kura wakaafiki madereva wabaki watu huru, wakipewa manufaa machache maalumu. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliithibitisha kura hiyo mwaka 2024.

Waliosoma chuoni watalikumbuka suala hili katika mlango wa ijara. Ajiri mahsusi ni yule aliyejitoa kwa mtu mmoja kwa muda maalumu. Hustahiki ujira kwa kuwa tayari, hata kazi isipotokea. Ajiri mushtaraka ni kama fundi cherehani au dobi. Hupokea kazi za watu wote, na ujira wake huja kwa kazi aliyoitimiza. Dereva wetu ana sura mbili. Huchagua saa zake kama fundi. Lakini fundi hukubaliana bei na mteja, na mteja akiridhika humrudia yeye. Dereva hapangi bei, na mteja humrudia mwenye programu.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na mama aliyejifungua miezi 3. Dereva anayehesabiwa kuwa mtu wa kujitegemea hafikiwi na haki hizo, na hili lawagusa pia mabinti zetu walioshika usukani. Kanuni za mwaka 2022 zinazosimamiwa na NTSA ziliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 18. Kwa nauli ya shilingi 500, kampuni isichukue zaidi ya shilingi 90. Zile 410 zinazobaki bado hazijatolewa mafuta, bima, matengenezo wala fungu la mwenye gari. Kanuni hizo hazikumfanya dereva kuwa mwajiriwa.

Basi familia ifanyeje? Kwanza, kabla ya kukopa ili kununua gari, mume na mke wausome mkataba pamoja, na waulize: akaunti ikifungwa kesho, deni litalipwa na nini? Pili, bima iwe ya kubeba abiria kwa malipo, kwani bima ya gari la binafsi huweza kukataa kulipa ajali ikitokea kazini. Tatu, dereva ajiandikishe mwenyewe SHA na NSSF, maana hapana mwajiri wa kumkatia. Nne, yahifadhiwe maandishi ya kila safari, makato na ujumbe wa kampuni. Madereva wa London walihitaji ushahidi wa namna hiyo walipofika mbele ya baraza.

Jina lililo katika mkataba lisitughafilishe na hisabu ya nyumba. Anayeitwa mtu huru hana wa kumlipa siku anapougua, na siku hiyo yapasa iwekewe akiba tangu leo.

Wabillahi tawfiq.